Umeibiwa Bariadi au kijijini Meatu? Hivi ndivyo unavyowafikia polisi, na usitoke kituoni bila RB

Saa nane za usiku zizi liko wazi, ng'ombe hawapo. Mwano unapigwa, wanaume wanatoka na fimbo na tochi za simu, wanashika nyayo. Katika vijiji vingi vya Simiyu hivyo ndivyo wizi wa mifugo unavyoanza kushughulikiwa. Polisi wanakuja kukumbukwa asubuhi, wakati nyayo zimeshakanyagwa na kundi jingine linalokwenda malishoni.

Si kwamba watu hawawataki polisi. Wengi hawajui tu waanzie wapi. Kituo kiko wapi? Usiku kinakuwa wazi? Nani ana namba ya simu? Na ukifika unasema nini ili jambo lako lisiishie kwenye maneno ya kaunta?

Simiyu yenyewe ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 baada ya Bariadi, Maswa na Meatu kutolewa Shinyanga, na Busega kumegwa kutoka upande wa Magu, Mwanza. Itilima nayo ilizaliwa kutoka Bariadi. Wazee bado wanakumbuka jambo zito likitokea lazima lifike Shinyanga mjini. Siku hizi Kamanda wa Polisi wa Mkoa, yule anayeitwa RPC, yuko Bariadi. Lakini kwa mtu aliyeibiwa mbuzi Bukundi au Sakasaka, Bariadi ni mbali vilevile.

Anza na wilaya yako

Kila wilaya ina mkuu wake wa polisi, OCD. Kila kituo kina mkuu wake, OCS. Huyu wa pili ndiye mtu wa kumjua, maana ndiye anayehusika na kila kinachoandikwa kwenye kaunta ya kituo chake.

Makao makuu ya wilaya ndiyo pa uhakika pa kuanzia: Bariadi mjini, Maswa mjini, Mwanhuzi kwa watu wa Meatu, Nyashimo kwa Busega na Lagangabilili kwa Itilima. Mtu wa Lamadi asichanganyikiwe. Mji wake umechangamka kuliko makao makuu ya wilaya, uko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, lakini kiwilaya yuko Busega. Kama jambo lake linahitaji mkuu wa wilaya wa polisi, njia inaelekea Nyashimo, si Bariadi iliyo kama kilomita 70 kutoka hapo.

Vituo vimepangwa kwa madaraja: A, B na C. Vile vidogo vya daraja C vina askari wachache, na si vyote hukesha. Kwa hiyo kujua kwamba "kuna kituo pale sokoni" hakutoshi. Uliza mapema: usiku kuna mtu? Kama hakuna, kituo gani cha jirani kinakesha? Swali hili linaulizwa mchana, siku ya amani, unapopita kununua dawa ya mifugo. Ukilisubiri hadi saa nane usiku umeshachelewa.

Ramani ya kwenye simu inasaidia mjini. Huko vijijini alama yake inaweza kukupeleka kwenye jengo lililohamwa, au kukuonyesha katikati ya kata na kuita hapo ndipo kituo. Muulize dereva wa bodaboda wa kijiweni. Wale wanajua kituo kiliko, na pengine hata jina la afande aliye zamu.

Namba za simu: ipi ni ya nini

Namba ya dharura ya polisi Tanzania ni 112. Haikati salio. Ipo kwa ajili ya jambo linalotokea sasa hivi: uvamizi, mtu anapigwa, ajali, mtoto ametekwa. Simu iliyoibwa juzi haina haja ya 112, hiyo inapelekwa kituoni.

Ukipiga, usianze na hadithi ya ugomvi ulivyoanza mwaka juzi. Anza na mahali. Taja mkoa, wilaya, kata, kijiji, kisha alama inayoonekana: shule, zahanati, ghala la pamba, mnara wa simu. Kwa Simiyu hili lina uzito wa pekee. Meatu peke yake ina kata za Mwamalole, Mwamanimba, Mwamanongu na Mwamishali. Itilima wana Mwamapalala na Mwamtani. Mtu anayehema kwenye simu yenye mtandao wa kukatika akisema "Mwama..." basi gari linaweza kuwashwa kwenda upande mwingine kabisa. Taja wilaya kwanza, halafu jina la kata polepole, mara mbili.

Namba nyingine fupi za kuweka kichwani: 114 ni zimamoto, 115 ni gari la wagonjwa, na 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kulipa. Tembo wakivamia shamba kutoka upande wa Serengeti au Pori la Akiba Maswa, mtu wa kwanza kutafutwa ni afisa wanyamapori wa halmashauri kupitia mtendaji. Polisi wataitwa kama kuna mtu ameumia au amekufa.

Namba ya OCS au ya polisi kata nayo ni ya kuwa nayo. Hutolewa kwenye mikutano ya hadhara na mara nyingi mtendaji wa kata anayo. Tatizo la namba hizi ni uhamisho. Afande aliyekupa namba yake miaka mitatu iliyopita huenda sasa yuko Mtwara, anapokea simu yako akiwa hana gari wala askari wa kukutumia. Kila unaposikia kituo kimepata mkuu mpya, omba namba upya na uifute ya zamani.

Kama kituo kiko mbali, sheria imekuwekea mtu wa karibu

Hapa ndipo wengi hawapajui. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka kila anayejua kosa limetendeka, au linapangwa, atoe taarifa mara moja kwa askari polisi au kwa mtu mwenye mamlaka katika eneo lake. Na huyo mwenye mamlaka anatakiwa aifikishe taarifa hiyo kwa mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu.

Kwa kijijini maana yake ni kwamba mtendaji wa kijiji au kiongozi mwingine wa eneo akishaambiwa, mpira uko kwake. Kukaa na taarifa, au kuirudisha kwa mlalamikaji kwa maneno ya "nenda ukamalizane naye", sivyo sheria inavyosema. Ukimpelekea jambo, mwombe apige simu kituoni ukiwa umesimama hapo hapo. Andika saa aliyopiga na jina la aliyepokea.

Kwenye kata yupo pia polisi kata, askari aliyepangiwa kata hiyo. Kazi yake ni kuwa karibu na watu kabla kesi haijawa kesi: kusikiliza ugomvi wa mipaka ya mashamba, kujua vijana wapya waliohamia, kushirikiana na ulinzi wa kijiji. Kama humjui wa kwako kwa sura, mtafute wiki hii.

Halafu kuna sungusungu. Usukumani hawahitaji kuelezewa. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Shinyanga na Tabora, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na uporaji, na mwaka 1989 Bunge liliwaingiza kwenye sheria za mgambo. Kukamata mwizi wanaweza. Kumfikisha polisi wanatakiwa. Kumchapa mpaka azimie, kumtoza faini ya ng'ombe kumi kwenye dagashida, au kumchoma moto, hapo wamegeuka watuhumiwa wenyewe. Mwizi wa mbuzi akifa mikononi mwa kundi, polisi watakaokuja asubuhi hawaji tena kwa ajili ya mbuzi. Wanakuja kwa ajili ya mauaji, na orodha ya waliokuwepo itaanza na walioshika nyayo.

Kwa hiyo mwano ukipigwa, mtu mmoja abaki nyuma na simu. Kazi yake ni kumpigia polisi kata, mtendaji au 112, na kuendelea kupiga mpaka apatikane. Kwa ng'ombe walioibwa aseme idadi, rangi, chapa, mkato wa masikio, na namba ya hereni kama walishavikwa. Aseme pia njia waliyoelekea na minada ya karibu siku zinazofuata, kwa sababu ng'ombe wa wizi hutafutiwa soko au machinjio haraka. Jeshi la Polisi lina kikosi maalumu cha kuzuia wizi wa mifugo, lakini kikosi hicho nacho hakiwezi kufuatilia "ng'ombe wekundu watatu" bila alama.

Kaunta, RB na maelezo

Ukifika kituoni unakutana na kaunta. Salimia, sema jina lako, sema umekuja kutoa taarifa ya nini. Askari wa zamu anaiandika kwenye kitabu cha taarifa, na taarifa hiyo inapata namba. Namba hiyo ndiyo watu wanaiita RB. Ina herufi za kituo, herufi RB, tarakimu, na mwaka.

Bila RB, ulichofanya kituoni ni mazungumzo. Ukirudi wiki ijayo utakuta zamu nyingine, sura nyingine, na hakuna anayekukumbuka. Ukiwa nayo, yeyote aliye kaunta anaweza kufungua kitabu na kuona. Iandike kwenye karatasi, ipige picha, mtumie na ndugu mmoja. Simu huwa inaibwa na picha zake.

Kuandika taarifa hakulipiwi. Fomu ya PF3, ile ya kwenda nayo hospitali mtu aliyeumizwa, hailipiwi. Dhamana ya polisi hailipiwi. Kilio cha watu kuombwa "hela ya karatasi" au "mafuta ya gari" ni cha nchi nzima na si cha jana. Tume iliyoundwa na Rais mwaka 2023 kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizisikiliza hoja za wananchi na kupendekeza mabadiliko makubwa ndani ya Jeshi la Polisi. Ukiombwa hela, uliza kwa upole stakabadhi ya serikali. Swali hilo peke yake mara nyingi linamaliza mazungumzo. Lisipoyamaliza, TAKUKURU wanapatikana kwa 113.

Baada ya RB utaandikiwa maelezo. Sheria inataka yakishaandikwa usomewe au uyasome mwenyewe kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Usione haya kusema "afande, hapo sikusema hivyo". Wapo wazee wa Itilima na Meatu ambao Kiswahili chao ni cha kubabaisha, na jambo zito wanalieleza vizuri kwa Kisukuma. Aende na mtu wa kumtafsiria anayemwamini. "Alinipiga" na "alitaka kunipiga" mahakamani ni vitu viwili.

Kuhusu PF3, kuna kitu kinaua watu: kudhani hospitali haimgusi majeruhi mpaka fomu iwepo. Serikali imesharudia kusema majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Mtu aliyekatwa panga Dutwa anapelekwa kwenye matibabu, na ndugu mwingine ndiye anayekwenda polisi. Msimbebe mgonjwa anayevuja damu kwenye bodaboda mkizunguka naye kutafuta karatasi.

Mtoto akibakwa, usikubali kikao cha ukoo

Hili linasemwa kwa sauti ya chini, lakini kila mtu analijua. Binti anafanyiwa ukatili, wazee wanakaa chini ya mti, ng'ombe wanatajwa, jambo linaisha. Ubakaji hauna kikao cha ukoo. Kumbaka mtoto aliye chini ya miaka 18 kunaanzia kifungo cha miaka 30 au zaidi, na kumpa mimba mwanafunzi nako, tangu Sheria ya Elimu ilipobadilishwa mwaka 2016, ni miaka 30. Anayepokea ng'ombe ili anyamaze hajaisuluhisha familia. Amemwachia mtu huyo nafasi ya kumgeukia binti mwingine.

Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Ukifika kaunta, huna haja ya kueleza mbele ya kila aliyekaa kwenye benchi. Sema tu: "Naomba kuonana na dawati la jinsia." Utasikilizwa pembeni.

Muda hapa ni kila kitu. Aliyefanyiwa ukatili asioge, nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi badala ya wa nailoni. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Kama hospitali iko karibu kuliko kituo, anzeni hospitali, na polisi wajulishwe kwa simu.

Simu imeibwa, kitambulisho kimepotea

Baadhi ya mambo hayahitaji nauli. Ukipoteza kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, leseni au cheti, taarifa ya upotevu inaweza kutolewa mtandaoni kupitia mfumo wa Jeshi la Polisi, lormis.tpf.go.tz. Unajaza taarifa zako, unapewa kumbukumbu namba, unalipia kwa simu, unachapisha. Stationary za Bariadi mjini zinaweza kukujazia, ila hakikisha namba ya NIDA imeandikwa sawasawa kabla hujalipa. Na kumbuka mfumo huo ni wa vitu vilivyopotea. Vilivyoibwa vinakwenda kaunta, vinapata RB.

Simu ikiibwa, piga kwanza 100 kwa simu ya mtu mwingine wa mtandao uleule, laini ifungwe kabla mwizi hajafika kwenye pesa zako. Kisha polisi, ukiwa na namba ya IMEI. Namba hiyo unaipata kwa kubonyeza *#06#, na inatakiwa uwe umeiandika mahali simu ikiwa bado mkononi. Fanya hivyo sasa hivi, dakika moja inatosha. Ukiwa na RB na IMEI unaweza kuomba kampuni ya simu iifungie simu yenyewe isitumike kwenye mitandao ya nchini.

Wale wa "ile hela tuma kwa namba hii" hawana haja ya kufuatwa hadi kituoni kama hujatuma chochote. Peleka ujumbe wao na namba yao kwenda 15040, bure. Ukiwa umeshatuma, hiyo ni jinai: piga kampuni ya simu kuzuia muamala, halafu polisi.

Ndugu amekamatwa na hamjui yuko wapi

Anayekamatwa kijijini anaweza kupitia kituo kidogo kisha akapelekwa cha wilaya usiku uleule. Anzeni na kituo cha karibu na alipokamatiwa, muulize kaunta kama jina lake limeandikwa, na kama amehamishwa, amepelekwa wapi na kwa kosa gani. Kwa makosa mengi anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana. Mauaji na makosa mengine mazito yana utaratibu wake. Mdhamini aende na kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji.

Kesi ikilala, usibishane na askari wa kaunta, hana faili. Ukiwa na RB, omba jina la mpelelezi aliyepewa jalada. Asipopatikana, OCS. Asipokusikiliza OCS, panda kwa OCD, kisha ofisi ya RPC pale Bariadi. Malalamiko dhidi ya askari mwenyewe yanaweza kupelekwa pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au kwenye mfumo wa e-Mrejesho wa serikali kwa kupiga *152*00# hata kwa simu ya kitochi. Kila ngazi watakuuliza kitu kilekile kwanza: RB namba ngapi?